Ukuta Tulioupiga Msasa

Kituo cha Hatua,
S.L.P. 143,
Kitengela.
15 Mei 2006

Mpendwa kaka Maundu,

Pokea salamu za dada yako kabla hujapokea mzigo wake. Hujambo? Afya yako ikoje tangu ile malaria ya Desemba? Uliandika kwamba umepona, lakini mwandiko wenyewe ulikuwa umelala upande kama mbuzi mgonjwa, kwa hivyo sikukuamini. Unakula? Joto la huko Rumbek bado linawapika? Na wale vijana unaowatengenezea miguu, wale waliokanyaga mabomu ya ardhini, bado wanapanga foleni mpaka nje ya ua? Mungu akupe nguvu za mikono. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyo utayasoma.

Mama huko Masii hajambo. Goti bado linamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Siku ya Pasaka alinituma nikuulize kama huko Sudan hakuna wanawake, maana anaona siku zinakwenda na wewe umeoa miguu ya mbao. Ujumbe nimeufikisha. Usinigombeze mimi.

Mvua ilinyesha mwishowe. Mwanzo wa mwaka ng'ombe walianguka kwa ukame kutoka Kisaju hadi Isinya, na upepo ulituletea harufu mpaka ndani ya kituo tukawa tunafunga madirisha na joto lote lile. Sasa matope meusi yanatuvua viatu, na nyasi zimeota katikati ya mifupa. Watu wa kununua ploti nao wamerudi, wanazungushia waya kila mahali. Ukija hutapajua.

Barua hii anakuletea Mbaluka, mtoto wa mama mdogo. Lori lake linapeleka mahindi Lokichoggio na litaondoka Jumatano. Akifika ataiingiza kwenye ndege ya ofisi yenu. Kisha atangoja huko siku saba apate mzigo wa kurudi nao. Siku hizo saba ndizo nilizo nazo, kaka. Ile simu ya setilaiti ya ofisi yenu nimeijaribu mara nne. Mara mbili haikushika, na mara mbili mtu alisema Kiarabu akakata.

Nina ombi, na nitalifikia. Nakusihi usiruke kurasa ukalitafute, kwa sababu bila haya yaliyotangulia utadhani dada yako amerukwa na akili.

Mwezi wa kwanza wafadhili wetu walituletea kitabu cha viwango. Kila kituo kinachohudumia walemavu katika mpango wao lazima kikaguliwe na kupewa hati ya ithibati, yaani karatasi inayosema kwamba mahali hapa panafaa na kazi yake inaaminika. Kituo kisicho nayo ifikapo tarehe 30 Juni hakipati tena ngozi, hakipati vyuma, hakipati kodi ya nyumba. Kinafungwa.

Sikulalamika. Nimeona mahali, sitapataja, ambapo watoto hufungwa kitandani kwa kamba na mlangoni kumepandwa maua. Lazima awepo mtu wa kuwakagua hao, na akiwakagua hao hawezi kuniruka mimi. Halafu mimi si msomi wa kazi hii, wewe wajua. Ulinikuta nashona mikoba. Ukanifundisha kushona mishipi ya vyuma vya miguu, na ulipokwenda mwaka wa tisini na nane ukaniachia chumba, vile vyuma viwili vya watoto kushikilia wakijifunza kutembea, ulivyoviunda kwa mabomba ya maji, na maneno matatu: pima, weka alama, niandikie. Nimeishi kwa maneno hayo miaka minane.

Basi tukakifuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Tulipanua mlango ili kiti cha magurudumu kipite. Tulivunja ngazi tukaweka njia ya mteremko. Choo kikapata chuma cha kujishikilia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitalini Kajiado alikubali kuja mara mbili kwa mwezi kuwapima watoto na kutia sahihi, kwa hivyo hata kukosa vyeti kwangu kukapata dawa. Kitabu kilitaka pia sanduku la malalamiko. Tukalitundika mlangoni. Baada ya mwezi nililifungua nikakuta maombi kumi na moja ya kuombewa, kwa sababu mama walidhani ni la kanisa, na lalamiko moja tu, la shemeji yako Musila, kwamba chai ya kituo haina majani. Nilicheka siku nzima. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nakumbuka nikicheka.

Sasa nikufikishe kwenye ukuta. Ulipoondoka ulikuwa na alama za watoto wanne tu, kwa hivyo acha nikueleze ulivyokuwa kabla sijauua.

Ulijaa kutoka kwenye ncha ya vile vyuma vya kushikilia mpaka dirishani. Mtoto akitembea, pale mguu wake ulipokomea tulikwaruza mstari kwa msumari, tukaandika kwa penseli tarehe na idadi ya hatua. Na kwa kuwa mama wengi hawasomi, kila familia iliweka juu ya mistari yake alama ya mifugo wao, ile wanayowachoma nayo ng'ombe au ngamia wasipotee. Koko wa Nasieku, yule bibi wa Kisaju anayemleta mjukuu wake kwa punda, alichora ya kwao kwa mkaa. Fosiya, mmoja wa wale mama, alichora ya ngamia wa baba yake kule Wajir. Watoto wasio na mtu wa kuwachorea niliwapa ya ukoo wetu. Mama akiingia hakuniuliza mtoto wake anaendeleaje. Aliitafuta alama yake kwa kidole, akaifuata mistari mmoja baada ya mwingine, akajua mwenyewe.

Na mimi, kaka, niliuonea haya.

Unajua tulivyolelewa. Mgeni akija unafagia uwanja, unatoa vikombe vya kabatini, unaficha sufuria nyeusi. Mkaguzi akija shuleni, mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Wiki ile kabla ya ukaguzi niliutazama ukuta wetu kwa macho ya mtu wa Nairobi, nikaona mikwaruzo, mkaa na jasho la vidole vya watu. Nikamwambia Musila aupige msasa mpaka saruji ionekane, ajaze nyufa, kisha apake rangi ya mafuta, kijani chini na nyeupe juu. Mume wangu aliniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena. Mara ya pili nilimjibu kwa ukali kwamba siwezi kuwapokea wakaguzi ndani ya boma la ng'ombe.

Wewe unamfahamu shemeji yako. Kazi ya mikono haijui kuifanya nusu. Alisugua siku mbili, akatoka mweupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu. Mimi nilifagia lile vumbi kwa ufagio wangu mwenyewe nikalimwaga kwenye shimo la takataka. Miaka minane ya watoto wa watu ilijaa karai mbili.

Koko alikuja kesho yake. Tulisalimiana kwa Kimaasai kama kawaida, kisha akaenda moja kwa moja ukutani, akapitisha kidole mahali alama yake ilipokuwa. Akakitazama kidole. Akaenda zake kuketi na mjukuu wake. Mimi nilikuwa nikimsifia jinsi rangi inavyong'aa. Nikikumbuka sauti yangu siku ile natamani ardhi ipasuke.

Wakaguzi walikuja tarehe 21 Machi, mama mmoja anayeitwa Bi. Wahu na kijana wa kuandika. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, ikashindikana. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kabla ya kumgusa mtoto yeyote aliomba ruhusa kwa mtoto mwenyewe. Alipofika kwa Hodo alipiga magoti wakawa macho kwa macho. Hodo ni bintiye Fosiya na Burhan, yule mfanyabiashara wa mbuzi niliyekuandikia habari zake. Aliletwa kwetu akiwa na miaka mitano, mgongoni mwa mama yake, miguu imejikunja tangu kuzaliwa. Sasa ana tisa. Siku ile alitembea hatua kumi na mbili mbele ya Bi. Wahu, ulimi nje kwa bidii, na yule mama akapiga makofi.

Alisifu mlango, akasifu mteremko na choo. Alisifu ukuta. Niliona kwa macho yangu akiandika vizuri sana penye usafi wa mazingira. Kisha akafunua ukurasa mwingine.

"Mama Phylis," akaniambia, "hawa watoto wanaendelea, hiyo naiona. Sasa nionyeshe ya kila mtoto. Mwaka juzi alikuwa wapi, na leo ako wapi. Hiyo rekodi iko wapi?"

Niliinua mkono nikaonyesha ukuta. Mkono ulikwenda wenyewe, kaka, kama ulivyozoea kwenda. Ukabaki hewani ukionyesha rangi.

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, na yule kijana akaacha kuandika. Akasema pole, na nilimwamini. Akasema pia kwamba hana ruhusa ya kuandika kitu ambacho hakukiona, na kwamba kama angeukuta ule ukuta angeketi hapo siku nzima akiunakili mstari kwa mstari. Hayo ya mwisho angeniachia tu bila kuniambia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu alikuja akamkuta mwenyeji ameshajinywesha sumu akimngojea.

Ripoti ilifika Aprili. Ukurasa wa pili unasema: usafi, vizuri sana. Ukurasa wa tano unasema: kumbukumbu za maendeleo ya watoto, hakuna. Ukuta mmoja umenipa alama ya juu kabisa na sufuri. Mengine yote tumepita. Wanataka ushahidi wa miaka mitatu, wa watoto wasiopungua kumi, mkononi mwao kabla ya tarehe 30 Juni. La sivyo kituo kinafutwa, na vyombo vinapelekwa kwenye kituo kingine Nairobi, pamoja na vile vyuma vyako vya mabomba, kwa kuwa viliandikwa kama mali ya mpango.

Unakumbuka mwalimu wetu wa darasa la sita alivyotuchapa tukariri: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilichapwa bure. Daftari nilikuwa nalo, nikalipiga msasa.

Fosiya aliposikia alikuja na kisu cha jikoni na beseni la maji ya moto. Alifunga mtandio kiunoni akaanza kukwangua, nami nikachukua kisu changu, tukakwangua bega kwa bega mpaka vidole vikachubuka. Tulipata rangi, chini ya rangi tukapata saruji, na chini ya saruji hakuna kitu. Fosiya akaketi sakafuni kwenye maganda ya rangi.

"Mimi sikuenda shule," akasema. "Lakini hapa nilikuwa najua kusoma."

Musila alikuja jioni akaziba tulipokwangua, akapaka tena.

Nisikufiche kitu. Kuna watu walionishauri nitengeneze faili. Unanunua madaftari, unatumia kalamu tofauti, unayapitisha kwenye chai yakauke juani, yanakuwa ya mwaka wowote unaotaka. Wanasema vituo vingine vimefanya hivyo vikapita. Jumapili moja baada ya kanisa niliketi nikaanza na Hodo. Nikaandika: Juni 2003, hatua nne. Kalamu ikakwama. Zilikuwa nne au sita? Nilikwenda kuwauliza wenyewe. Fosiya akasema sita. Burhan akasema mbili, na akaapa, kwa sababu siku hiyo ndiyo aliyotoka nje akajifanya anaangalia mbuzi ili watu wasimwone akilia. Nikaona kwamba nikiandika yoyote kati ya hizo nitakuwa namwibia mtoto. Zile hatua alizitolea jasho, moja moja, na hazikuwa nne kwa sababu mimi nimechoka kufikiri. Nililichana lile daftari.

Tangu hapo nimekata tamaa, nakwambia waziwazi. Naingia stoo ya ngozi, nafunga mlango, nalia, na nikitoka nasema ni vumbi. Watoto ni ishirini na sita. Hakuna atakayempeleka Nasieku Nairobi mara mbili kwa wiki, punda hafiki huko. Mtoto anakua, chuma hakikui, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Miezi sita bila mtu wa kurefusha vile vyuma vya miguu, vitaanza kuwakata nyama, watavivua, na watarudi kutambaa. Nimewahi kumwona mmoja aliyerudi kutambaa baada ya kuijua ladha ya kusimama. Alikuwa haangalii watu usoni tena. Nikifikiria Hodo akiwa hivyo, kwa ajili ya rangi niliyoitaka mimi, naona afadhali ningekatwa mkono ule niliouinua.

Mama zao bado sijawaambia tarehe. Wanajua tu kwamba kuna shida ya karatasi. Fosiya peke yake ndiye anayejua yote, na amenyamaza.

Wiki iliyopita nilikuwa nafukua lile kopo la biskuti ninamowekea karatasi nikitafuta mkataba wa nyumba, nikakutana na barua yako ya mwaka wa tisini na tisa. Sijui kama unaikumbuka. Uliniandikia hivi: "Dada, barua zako zimekuwa kama daftari la karani wa zahanati. Nimesoma kurasa tatu na bado sijui kama umekula. Niandikie habari za nyumbani, hizo hatua za watoto uziache ukutani." Nilinuna miezi miwili. Kisha nikaendelea kukuandikia hatua vilevile, kwa ukaidi, na nikaongeza urefu wa miguu.

Niliketi sakafuni na ile barua mkononi. Pima, weka alama, niandikie. Kaka, niliandika. Kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka minane, nilisimama mbele ya ule ukuta na karatasi nikakuandikia kila mtoto, kila tarehe, kila hatua. Ukuta wote uko kwako.

Nilikimbia kwa Burhan nikaazima simu nikampigia Bi. Wahu. Akasema kwamba barua zenye tarehe, na bahasha zenye muhuri wa posta, anaziamini kuliko faili yoyote iliyoandikwa juzi. Lakini lazima ziwe barua zenyewe, nzima, ukurasa usitolewe na mstari usifutwe. Mtu akianza kuchagua cha kuonyesha, alisema, huo si ushahidi tena.

Hapo ndipo pana mwiba, na wewe unaujua. Katikati ya hatua za watoto nilikuandikia mengine. Nilikuandikia mwaka wote wa 2001, Musila alipokuwa akinywa, cherehani yangu ilipouzwa, na ile barua nilimokuomba umuulize Mama kama naweza kurudi nyumbani na sanduku langu. Nilikuandikia mambo ya mke wa mchungaji ambayo Mungu anisamehe. Haya yote yatasomwa mezani na watu wasionijua, na mume wangu aliyeacha pombe miaka minne sasa atasomwa kama bado amelala mtaroni.

Nilimwambia. Alikuwa ananoa patasi. Alinoa muda mrefu kuliko patasi yoyote inavyohitaji.

"Wacha zikuje," akasema. "Ukuta nilipaka. Hizo usipake."

Kisha akaenda kazini. Miaka ishirini ya ndoa, na sikumbuki kama nimewahi kumpenda kama nilivyompenda akitoka pale mlangoni na patasi yake.

Kwa hivyo ombi langu ni hili: usinijibu barua hii. Nirudishie barua zangu. Zote, na bahasha zake, hata zilizochanika. Usizipange, usizisafishe, na usiondoe ukurasa wowote kwa kunihurumia. Zifunge kwenye nailoni umpe rubani, na Mbaluka atazipokea Loki. Ameapa atazilalia kichwani.

Nakumbuka ulisema ziko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Au pengine hukusema hivyo, ni mimi ninayejiambia, kwa sababu nimeitafuta barua ulimoyasema hayo na sijaipata. Hilo ndilo linaloninyima raha. Najua mchwa wa huko. Najua mvua iliwahi kuingia nyumbani kwako, na najua wale walinzi wenu husokotea tumbaku karatasi yoyote. Na wewe mwenyewe uliniambia umezichoka. Nani huweka barua za dada anayehesabu miguu ya watoto wa wenyewe?

Kama ziliwashia moto wa chai, sitakulaumu, haki ya Mungu. Lakini niambie kwa neno moja kupitia kwa Mbaluka, nijue kama nianze kuwaambia mama zao. Kama zimebaki tatu, nitumie tatu. Kama mchwa wamekula nusu, nitumie nusu waliyoiacha. Usione ni kidogo ukaamua kunihurumia kwa kunyamaza. Nimeshindwa na mambo mengi mwaka huu, na kimya chako sitakiweza.

Nisalimie Abdishakur mnayefanya naye kazi, umwambie zile koleo alizotutumia bado zinashika. Mama anakusalimu na swali lake liko palepale. Mama mdogo anakusalimu, na Musila pia, ambaye amesoma barua hii mpaka hapa na hakutaka nifute kitu. Fosiya na Burhan wanakuombea dua, Koko wa Nasieku anakutumia baraka zake za Kimaasai za kutema mate, na Hodo anauliza kama mtu aliyeunda vile vyuma vya mabomba ni mrefu au mfupi. Mungu wa mama yetu akufunike huko uliko, akuepushe na homa na risasi, na alilinde lile sanduku kama lipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukusumbua sawasawa,
Phylis Mukonyo

Nimefungua bahasha tena niongeze hili. Leo mchana, tarehe 15 Mei: Hodo binti Burhan, hatua kumi na saba, akishikilia chuma kwa mkono mmoja. Pale mguu wake ulipokomea, Fosiya alichukua msumari akakwaruza mstari kwenye rangi mpya, na juu yake akachora ile alama ya ngamia wa baba yake. Musila alikuwa amesimama mlangoni akitazama rangi yake ikikwaruzwa. Safari hii nimeandika na kwenye daftari. Lakini wewe hii usiitupe.